Mbatiany, laiboni aliyekunywa ili aone

Kuanzia Longido hadi Loliondo, na kwa Waarusha wanaolima migomba na mahindi kwenye miteremko ya Mlima Meru, jina la Mbatiany bado linatajwa kwa sauti ya chini kidogo. Alikufa yapata mwaka 1890, kabla ya Wajerumani kujenga boma lao Arusha. Hakuacha maandishi yoyote. Alichoacha ni watoto wawili waliogombana, unabii unaobishaniwa mpaka leo, na sifa ya kuwa mwonaji mkubwa kuliko wote waliopata kutokea katika nchi ya Wamaasai.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu ya swali ambalo wasikilizaji wengi wamekuwa wakituuliza baada ya kipindi chetu cha tiba asilia. Wanasikia kwenye simu kwamba huko ughaibuni watu wanasafiri hadi misitu ya Amerika ya Kusini kunywa dawa za mizizi na majani zinazobadilisha fahamu, wapate kuona maono, kuponya huzuni na kumjua Mungu. Wanauliza kama na sisi huku kwetu tulikuwa na mambo ya namna hiyo. Tulikuwa nayo, ingawa si kwa namna ile ile, na maisha ya Mbatiany yanaonyesha jinsi yalivyotumika na nani aliruhusiwa kuyatumia.

Kwanza tuondoe kosa moja. Laiboni, au oloiboni kwa Kimaa, hakuwa mfalme. Wazungu walipofika walimwita chifu mkuu kwa sababu walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye. Wamaasai walitawaliwa na wazee wa marika na wasemaji wao. Laiboni alikaa pembeni ya utawala huo. Aliheshimiwa, aliogopwa, alilipwa ng'ombe, lakini hakuweza kumwamuru mtu ahamishe hata ndama. Nguvu yake yote ilitegemea kama watu wanaamini kwamba anaona wasichokiona wao.

Ukoo wake, Inkidong'i, umepewa jina la kibuyu, enkidong, kile kinachowekwa mawe ya kupigia ramli. Simulizi za Wamaasai zinasema mtu wa kwanza wa ukoo huo alikuwa mtoto aliyeokotwa peke yake juu ya vilima vya Ngong, karibu na ilipo Nairobi sasa, na watu wa ukoo wa Aiser wakamlea. Vizazi kadhaa baadaye akatokea Supeet, laiboni mashuhuri, na Mbatiany ni mwanawe. Simulizi zinasema pia kwamba Mbatiany alikuwa na jicho moja tu. Kumbuka jambo hilo la jicho, litarudi.

Supeet alipofariki, katikati ya karne ya 19, kibuyu kikaja kwa Mbatiany.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Afisa Mwingereza aitwaye Alfred Hollis, aliyejifunza Kimaa na kuchapisha kitabu juu ya Wamaasai mwaka 1905, aliandika kwamba malaiboni walikuwa na njia nne za kujua yajayo. Ya kwanza ni mawe yanayotikiswa ndani ya pembe ya ng'ombe au ya nyati, kisha yanamwagwa na kuhesabiwa, maana kila hesabu ina maana yake. Ya pili ni kuchinja mbuzi na kusoma matumbo yake. Ya tatu ni ndoto. Ya nne ni kunywa pombe ya asali mpaka ulevi umpande laiboni, ndipo atabiri.

Njia hiyo ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi. Pombe ya asali hutengenezwa kwa asali na maji, na ndani yake hutiwa mizizi ya shubiri, mmea ambao Wamaasai wanauita osuguroi, ili ichachuke. Inawekwa karibu na moto ipate joto kwa siku kadhaa. Kila mzee wa Kimaasai anaijua, hunywewa kwenye tohara, kwenye ndoa, kwenye baraka, na kwenye kusuluhisha ugomvi. Kwa hiyo Mbatiany hakuwa anakunywa kitu cha siri. Alikunywa kile kile walichokunywa wazee wenzake. Tofauti ilikuwa kwamba yeye akilewa, watu walinyamaza wakasikiliza.

Hapo msikilizaji anaweza kucheka. Mlevi yupo kila kijiji, na wengine wanatabiri kila jioni! Lakini fikiria jinsi jambo lilivyopangwa. Waliokwenda kwa laiboni walikwenda na shida inayoeleweka: ukame, ugonjwa wa mifugo, mwanamke asiyepata mtoto, vita. Walikwenda na ng'ombe wa malipo, baada ya safari ndefu. Alichokisema akiwa amelewa kingeweza kupimwa kwa mawe, kwa matumbo ya mbuzi na kwa ndoto. Na wazee ndio waliochukua maneno hayo na kuamua wafanye nini. Pombe ilikuwa mlango mmoja kati ya minne, na aliyepita mlango huo alikuwa mtu mmoja aliyefundishwa na baba yake, naye alifundishwa na baba yake.

Vijana hawakuruhusiwa pombe hiyo. Kwa desturi, morani hanywi kileo. Yeye alikuwa na kinywaji chake.

Morani huenda orpul, kambi ya nyama porini, wakachinja na kula mbali na macho ya wanawake kwa siku nyingi. Katika mchuzi wanachemsha magome na mizizi. Unaojulikana zaidi ni olkiloriti, aina ya mgunga. Mchuzi huo unasemwa kuondoa njaa na usingizi, kumpa mtu miguu ya kutembea siku nzima, na kumfanya asiogope. Morani wengine hupandwa na mori, wakatetemeka mwili mzima, wakatoa povu, mpaka wenzao wawashike wasije wakajiumiza au kuumiza wengine. Ukiishi Monduli au Ngorongoro huhitaji kuambiwa, umeona mwenyewe kwenye sherehe.

Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Arthur Lehmann na Louis Mihalyi, waliandika kwamba ujasiri ule maarufu wa morani haukutokana na malezi tu, bali na michuzi hiyo pia. Wapo waliopinga. Mtetemeko hutokea hata kwa vijana ambao siku hiyo hawakunywa chochote, wakisikia nyimbo tu. Mimi naona pande zote zina chao. Mti una nguvu yake, wimbo una nguvu yake, na kijana wa miaka 18 aliyezungukwa na rika lake ana nguvu kuliko vyote viwili. Wenyewe Wamaasai hawakutenganisha mambo hayo. Kwa Kimaa neno olchani ni mti na pia ni dawa.

Basi tazama jinsi jamii hiyo ilivyojipanga. Kulikuwa na kinywaji cha wazee cha kuwafungua waone, na kinywaji cha vijana cha kuwafunga wasiogope. Kila kinywaji kilikuwa na rika lake, na katikati ya hayo mawili alikaa Mbatiany. Morani waliokwisha kuchemka kwa mchuzi walitakiwa kwenda kwake kwanza kabla ya kwenda vitani. Yeye alitazama mawe, akawaambia waende au wasiende, njia ipi, siku ipi, akawapa dawa ya kuwakinga. Wakirudi na ng'ombe, sehemu ilikuwa yake. Wakienda bila ruhusa wakapigwa, kila mtu alijua kosa ni la nani. Bila shaka mpango huo ulimtajirisha. Lakini pia uliweka mzee mmoja mbele ya vijana mamia wenye mikuki.

Katika miaka ya 1870 Wamaasai walipigana wao kwa wao. Ilaikipiak, kundi lenye nguvu la kaskazini, walisambaratishwa na Wapurko na washirika wao, na waliobaki wakatawanyika au kumezwa na makundi mengine. Baraka za vita hivyo zilitoka kwa Mbatiany. Baada ya ushindi huo hakuna laiboni mwingine aliyeweza kushindana naye. Waarusha wa Meru, ambao tohara na marika yao yalifuata mzunguko wa Wamaasai wa Kisongo, nao walikuwa ndani ya dunia hiyo ya malaiboni. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani iliyopita kutafuta pembe za ndovu ilitoa hongo kwa morani, nayo ilijua kwamba nyuma ya morani yuko mtu mwenye kibuyu.

Sijasikia simulizi inayosema jinsi alivyowatendea walioshindwa. Simulizi za washindi ndizo zilizobaki, na hilo tusilifiche.

Kisha yakaja magonjwa. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe, olkipiei, iliingia katika mifugo. Baadaye ikaja sotoka, iliyoingia Afrika upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880 na kushuka kusini, ikiua ng'ombe boma baada ya boma. Ndui ikafuata kwa watu. Mwanajiografia Oscar Baumann, raia wa Austria, alipoingia bonde la Ngorongoro Machi 1892 alikuta watu wamebaki mifupa, na alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Wamaasai wenyewe wanaiita miaka hiyo Emutai, yaani kumalizika.

Mbatiany hakuishi kuuona mwisho wa hayo. Simulizi aliyoiandika Hollis inasema kwamba alipokaribia kufa aliwakusanya watu wake na kuwaonya wasihame kutoka katika nchi yao, maana wakihama ng'ombe watakufa, watu watakufa kwa ndui, na watapigana na adui mwenye nguvu watakayeshindwa naye. Wengine wanasema aliona pia wageni weupe wakija.

Je, aliona kweli? Hapa kila mtu ana imani yake, na redio haiwezi kuamua. Nitasema tu yale yanayoonekana. Simulizi hiyo iliandikwa miaka 15 hivi baada ya kifo chake, wakati kila kilichotabiriwa kilikuwa kimekwisha kutokea, na maneno ya marehemu hunyooka yakipita vinywani mwa walio hai. Pili, mzee huyo alikuwa ameshaona ng'ombe wakifa kwa mapafu, na misafara ilimletea habari za Pwani na za Wazungu. Mtu mwenye habari nyingi kuliko wenzake anaweza kuona mbali hata kabla hajaonja asali. Lakini tatu, na hili ndilo linaloniuma, kama aliona, hakuweza kuzuia. Kibuyu kilimwonyesha maafa, hakikumpa dawa ya sotoka. Dawa hiyo ilikuja kuwa chanjo, na ugonjwa wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Mwaka huo huo wa 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa kikombe cha mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Wengi wetu tunakumbuka foleni ya magari ya kilomita nyingi. Mmea ule ni ule ule ambao Wamaasai wanauita olamuriaki. Mchungaji alisema alioteshwa na Mungu, na alisisitiza kwamba dawa haifanyi kazi mpaka ameitoa yeye mwenyewe, pale pale Samunge. Waandishi walimcheka kwa sharti hilo. Mzee wa Inkidong'i asingelicheka. Angeshangaa labda kwamba ilinywewa na kila mtu, wa kila rika, wenye kila ugonjwa, na kwamba wapo walioacha dawa za hospitali kwa sababu ya kikombe kimoja.

Jambo kama hilo lilitokea mbali na sisi pia. Katika milima ya Oaxaca, Mexico, mganga María Sabina alitumia uyoga unaoleta maono kuwatibu majirani zake usiku, kwa maombi na nyimbo. Mwaka 1957 Mmarekani aliyekwisha kuukoga uyoga huo pamoja naye aliandika habari hizo katika gazeti kubwa la nchi yake. Wageni wakamiminika kijijini, si wagonjwa, bali watafuta maono. Polisi wakafuata, na nyumba ya mama huyo ikachomwa moto. Alikufa maskini mwaka 1985. Uyoga ulibaki ule ule. Masharti yake ndiyo yaliyovunjika.

Na hapa Arusha? Pita sokoni au stendi utakutana na vijana wenye mashuka ya Kimaasai wakiuza mizizi na magome ya kila aina, ya nguvu, ya mapenzi, ya kuona nyota. Wengine wanajua wanachouza, walifundishwa na bibi zao. Wengine wamechanganya na wao hawajui walichochanganya. Sheria ya mwaka 2002 inataka waganga wa tiba asili wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo una haki ya kuuliza cheti. Na mchuzi wa orpul si wa mtu mwenye shinikizo la damu, wala mjamzito, wala anayemeza dawa za kifafa au za akili, hata auziwe kwa bei gani. Muulize daktari kwanza. Zamani hata morani mzima hakuunywa peke yake chumbani. Aliunywa akiwa na wenzake wa kumshika.

Turudi kwa Mbatiany na jicho lake.

Alikuwa na wana wengi, lakini simulizi inawataja wawili, Sendeu na Olonana, ambaye vitabu vinamwita Lenana. Sendeu alikuwa mkubwa. Mzee alipoona siku zake zimekwisha alimwambia Sendeu aje kesho alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Olonana alijificha katika zizi la ndama akasikia yote. Kulipokaribia kucha akamtangulia kaka yake, akaingia kwa baba akijifanya Sendeu. Mzee haoni vizuri, na ndani ni giza. Akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mkoba. Sendeu alipofika akakuta baraka imeshatolewa, na baraka haiondolewi.

Waliosoma Biblia watasema hiyo ni habari ya Yakobo na Esau.  Wafuasi wa Olonana nao walikuwa na sababu zao za kuamini kwamba mzee alimchagua kijana wao akiwa na akili timamu. Mimi ninachokiona ni kwamba mtu aliyesemwa kuona vita na ndui kabla havijafika alidanganywa na mtoto wake mwenyewe, umbali wa mkono mmoja.

Mbatiany alizikwa. Tunasema hivyo kwa sababu zamani Wamaasai wengi hawakuzikwa, maiti ilipelekwa porini. Laiboni na tajiri ndio waliopakwa mafuta, wakafungwa katika ngozi ya ng'ombe, wakalazwa katika shimo fupi mahali penye kivuli na kufunikwa mawe. Kila apitaye huongeza jiwe moja, na rundo linakua.

Wanawe walipigana karibu miaka kumi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa sotoka, hivyo morani wa upande mmoja waliwanyang'anya wa upande wa pili wachache waliobaki, na kila upande ukadai mwenzake ndiye aliyeleta ugonjwa kwa uchawi. Olonana alikwenda kukaa Ngong karibu na Waingereza, wakampa cheo cha chifu mkuu ambacho baba yake hakuwahi kuwa nacho wala kukihitaji. Sendeu alikuwa Loita na upande wa Wajerumani, huku kwetu. Mwaka 1902 alichoka, akaenda kupatana na mdogo wake. Olonana alikufa mwaka 1911, mwaka ule ule Wamaasai walipotiwa katika mkataba wa pili wa kuhamishwa kutoka Laikipia.

Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alikuwa mtu wa kwanza kujulikana kufika juu kabisa ya Mlima Kenya. Kilele hicho cha mita 5,199 alikiita Batian, kwa heshima ya laiboni. Cha pili, mita 5,188, kinaitwa Nelion, ndugu yake Mbatiany. Vyote viwili vinahitaji kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Watalii wengi huishia kilele cha tatu, Lenana, mita 4,985, kinachopandika kwa miguu. Sendeu naye ana kilele chake huko, kiko chini zaidi, mita 4,704.